Hatari iliyofukiwa chini ya ardhi ya Ukambani

BILA shaka umewahi kusafiri kwa basi au kwa matatu kati ya Nairobi na Mombasa. Huenda unaikumbuka mibuyu ya Mtito Andei, au lile hekalu la Masingasinga pale Makindu ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo. Lakini yupo msafiri mwingine uliyeandamana naye usimwone. Huyo ni mafuta, na njia yake ni bomba lililofukiwa ardhini.

Safari yake huanzia baharini. Tangu mwaka wa 2022 meli kubwa hushusha mafuta kwenye gati jipya la Kipevu, Mombasa, nayo hupitishwa katika mabomba yaliyozikwa chini ya sakafu ya bahari hadi nchi kavu. Adui mkubwa wa mabomba ya aina hiyo ni nanga. Oktoba 2023, nanga iliyoburutwa na meli iliharibu bomba la gesi kati ya Finland na Estonia, likafungwa kwa miezi kadhaa. Ndiyo sababu ramani za mabaharia huonyesha mahali ambapo ni marufuku kutia nanga wala kukokota nyavu.

Je, huku bara ambako hakuna nanga wala nyavu, bomba liko salama? Shuka Kibwezi upate jibu.

Kilio cha Thange

Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi, lenye upana wa inchi 14 na urefu wa kilomita 450 hivi, lilianza kazi mwaka wa 1978. Katika kaunti ya Makueni lilikuwa na vituo vya kusukumia mafuta Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud. Mei 2015, likiwa na umri wa miaka 37, lilivuja karibu na mto Thange.

Hebu fikiria, msomaji. Katika nchi hii kavu, mto ni uhai. Wakazi wa Thange walikuwa wakichota humo maji ya nyumbani, wakinywesha mifugo na kumwagilia mboga na mahindi. Kwa ghafla maji yakanuka mafuta, na sumu ikapenya hadi visimani. Mkulima aliyekuwa akiuza mboga sokoni akawa mtu wa kungojea maji ya lori.

Bomba jipya la inchi 20 lilichukua mahali pa lile kuukuu mwaka wa 2018. Hata hivyo, Machi 2019 mafuta yalivuja tena, safari hii Kiboko, kutoka kwa bomba hilo hilo jipya. Nao watu wa Thange walisubiri miaka kumi hadi Julai 2025, ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru kampuni ya Kenya Pipeline ilipe Sh3.8 bilioni.

Mchanga una kazi

Kutoka Kibwezi, shika barabara ya lami inayovuka mto Athi kwenda Ikutha, Mutomo na mji wa Kitui. Huku bomba muhimu ni la maji: Kitui hutegemea maji ya bwawa la Masinga, na Mwingi yale ya Kiambere. Utavuka mito isiyo na maji, mchanga mtupu. Usiidharau. Mchanga huo ndio tangi la mwananchi. Kina mama huuchimba na kupata maji hata wakati wa kiangazi.

Mchanga pia ndio blanketi la bomba linalovuka mto. Malori yakiuzoa kwenda kujengea nyumba za mijini, mafuriko yajayo huchimba zaidi, na bomba au nguzo za daraja hubaki uchi. Basi koleo la Ukambani hufanya kazi ile ile ya nanga ya baharini. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka wa 2015.

Jukumu ni la nani?

Mwananchi ana wajibu wake. Ukiona vigingi vya bomba, usichimbe wala usijenge hapo. Ukinusa mafuta au kuona nyasi zikikauka bila sababu, toa habari kwa chifu au polisi mara moja, na usikaribie na ndoo. Mkasa wa mtaa wa Sinai, Nairobi, wa Septemba 12, 2011, uliua zaidi ya watu mia moja baada ya mafuta yaliyovuja kulipuka.

Lakini usiba usimamizi wa wakubwa kwa makosa ya wadogo. Wanakijiji wa Thange hawakulichimba bomba lile. Lilizeeka mikononi mwa wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Thange wamejengewa hukumu kabla ya kurudishiwa mto wao.

Utakaposafiri tena na watoto, waonyeshe vigingi hivyo kando ya njia. Waeleze kwamba petroli ya mjini hupita chini ya shamba la mtu.