Meno Hayakudanganya

Kosa langu lilikaa kwenye safu moja ya fomu, ile ya umri.

Ilikuwa katikati ya mwaka 2009, Baringo, nikiwa msaidizi wa afya ya mifugo. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imetutia adabu kati ya 2006 na 2007. Mvua ilipozidi, mbu walifumuka, majike wakatupa mimba, wanakondoo wakafa, na Kenya ikazika watu zaidi ya 150. Kwa hiyo nilipotumwa kutoa damu, agizo lilikuwa moja: chukua kondoo waliozaliwa baada ya mlipuko tu. Kondoo aliyeugua akapona hubaki na kingamwili za IgG kwa miaka, kwa hiyo damu ya mkubwa hukusimulia ya zamani. Mchanga aliyekwisha acha kunyonya na hajachanjwa akikutwa nazo, hapo ujue virusi vimerudi.

Nilifika bomani saa tano, jua limeshakuwa kali. Wachanga walirukaruka kama panzi. Nikimshika huyu mguu, ananiponyoka. Majike wakubwa walisimama kivulini wakicheua. Nikawaendea hao. Wa kwanza nilimfunua mdomo: meno sita mapana, si ya utotoni. Karibu miaka mitatu. Nikamchoma mshipa wa shingo, chupa ikajaa, nikaandika "miezi kumi". Kati ya kondoo ishirini, tisa niliwapunguzia umri hivyo.

Majibu yakaja: saba wana IgG. Wote walikuwa katika wale tisa wangu. Ofisi ingefanyaje? Boma likawekwa karantini, mnyama asitoke mpaka wapimwe upya. Mzee mwenye kondoo akanijia.

"Daktari, watoto wamerudishwa nyumbani, karo. Niruhusu niuze wawili tu."

"Sheria ni sheria, mzee," nikamjibu.

Uvivu wa siku ile nimeshausamehe. Jibu hilo bado, kwa maana nilimpa nikijua ninachojua.

Nilinyamaza wiki tatu. Upimaji wa pili alipewa mwenzangu. Alisoma namba ya hereni sikioni, akamfunua kondoo mdomo, akatazama fomu yangu, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Maabara haikukuta IgM, ile inayotokea maambukizi yakiwa mapya, kwa kondoo hata mmoja, na wachanga wa kweli hawakuwa na IgG pia.

Siku ile ile nilikiri kwa mkubwa wangu. Kesho yake nikaenda kwa mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia zizini, akamkamata jike mmoja bila kumfukuza.

"Huyu nilimnunua kabla ya ile mvua," akasema. "Yule pale ni mamake wale wawili. Kila mmoja hapa namjua mwaka wake. Kijana wangu, ungeniuliza."

Fomu ilikuwa na safu kumi na moja. Hakuna hata moja niliyomuuliza.