Akiba ya karatasi huoza

Tangu utotoni tumeambiwa kwamba akiba haiozi. Leo nataka kukueleza jinsi akiba yangu ilivyooza, na haikuwa mahindi wala maharagwe bali michoro ya watoto.

Mwaka 1994 nilipata uhamisho kwenda kufunza katika shule moja ya msingi huko Lokichar, Turkana. Gari lilitupitisha Kapenguria na Kainuk, na tulipofika vumbi lilikuwa limetujaa hadi kwenye kope. Joto la huko halina mzaha. Lakini watoto walinipokea vizuri, nami nikawapenda.

Karatasi zilikuwa haba, kwa hivyo kipindi cha sanaa tulitumia upande wa nyuma wa karatasi za mtihani uliopita. Siku moja niliwaambia wachore kitu wanachokipenda nyumbani. Mvulana mmoja wa miaka kama kumi alimchora maksai wa babake, pembe moja ikielekea mbele na nyingine nyuma. Kando yake alimchora baba mwenyewe na fimbo yake, ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda ambacho Mturkana hukilalia kama mto.

Huenda wewe uliyezaliwa mjini ukauliza: ng'ombe tu? La hasha! Kwa Waturkana mwanamume humteua maksai mmoja, akazikunja pembe zake tangu akiwa mchanga, akamwimbia, na hata akaitwa kwa jina linalotokana naye. Yule mtoto alikuwa amechora jina la babake.

Nilifurahi mno. Niliubandika mchoro ule ukutani kwa selotepu, mahali ambapo jua la asubuhi liliufikia moja kwa moja. Muhula ulipokwisha niliubandua, nikautia pamoja na mingine ndani ya katoni ya sabuni, na katoni nikaiweka sakafuni katika stoo, imeegemea ukuta. Moyoni nikajisifu kwamba nimehifadhi.

Mwaka 2000, kiangazi kikali kikiwa kimemaliza mifugo ya watu wengi, kijana yule alikuja kunitafuta. Alikuwa sasa mrefu kunipita.

"Mwalimu," akaniambia, "baba hayuko tena. Nyumbani hatuna picha yake. Ule mchoro wangu bado uko?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba uko. Tukaingia stoo. Kwa juu katoni ilionekana nzima, lakini nilipoiinua, chini yake ilibaki sakafuni. Mchwa walikuwa wamepanda kwa vijia vyao vya udongo kutoka ukutani wakala kila kitu. Tuliokota vipande vichache vya manjano, vigumu kama maganda, vilivyovunjika tulipovishika. Kijana hakunilaumu. Alisema tu, "Si kitu, mwalimu," kisha akanisaidia kufagia.

Msomaji wangu, katika ardhi hiyo hiyo ya Turkana, huko Nariokotome, kundi la Kamoya Kimeu lilifukua mwaka 1984 mifupa ya mvulana aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Ardhi ilimtunza yule kwa sababu mifupa yake iligeuka mawe. Karatasi ni mmea, na mmea ni chakula. Miaka sita tu ilitosha.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kujua karatasi inaishije. Nimejifunza kwamba inayodumu ni ile ambayo mtu ameona thamani yake mapema. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alichora kwa rangi za maji watu wa makabila mbalimbali ya Kenya na mapambo yao, na kitabu cha michoro hiyo kikatoka mwaka 1967. Michoro yenyewe ilipata makao katika Makumbusho ya Taifa. Leo mtu huitazama kuona mababu walivyovaa. Alikuwa mgeni. Michoro ya watoto wetu wenyewe iko wapi?

Usiseme ya watoto ni michezo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwalimu mmoja Myahudi aitwaye Friedl Dicker-Brandeis aliwafunza watoto kuchora katika geto la Wanazi la Terezín, nchi ya Ucheki. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia. Lakini masanduku mawili yaliyofichwa yalibaki, na ndani yake michoro kama 4,500. Mingi ina majina ya watoto. Sasa iko katika Makumbusho ya Wayahudi mjini Prague, na kwa watoto wengi mchoro ule ndio pekee uliobaki. Nikikumbuka hayo huwafikiria watoto wa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambao wengi wao walifika bila hata picha moja ya nyumbani kwao.

Basi fanya hivi, wala hutahitaji pesa nyingi. Nyuma ya mchoro andika kwa penseli, bila kukandamiza, jina la mtoto, tarehe na alichokichora. Penseli haififii kama kalamu za rangi. Ushike kwa mikono misafi iliyokauka. Usitumie selotepu, kwani gundi yake huacha doa lisilotoka. Usiufunge ndani ya plastiki ya moto kama kitambulisho, maana hautatoka tena. Usiuanike juani.

Ulaze, usiukunje, katikati ya karatasi nyeupe safi. Usiufunge kwa gazeti, hata hili unalolisoma! Karatasi ya gazeti hutokana na mbao zilizosagwa, ina asidi, nayo hugeuka manjano na kuambukiza jirani yake. Weka sanduku katika chumba chenye baridi zaidi, juu ya meza au rafu, mbali na ukuta na maji. Kisha lifungue kila baada ya miezi michache. Mimi sikulifungua langu miaka sita, na hilo ndilo kosa langu kubwa. Piga picha kwa simu pia, lakini usiutupe mchoro wenyewe. Simu huibwa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza kwamba hata daftari lataka mlinzi.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kijana yule mjini Lodwar, naye sasa ni baba. Aliniambia kwamba mwanawe alimwuliza babu alifananaje, akachukua penseli ajaribu kuchora upya. Akamaliza fimbo, akamaliza kigoda. Alipofika kwa maksai akakwama.

"Mwalimu," akaniuliza, "iliyoelekea mbele ilikuwa pembe ya kulia au ya kushoto?"

Sikukumbuka. Haya, mzazi mwenzangu, kabla ya kulala leo, fungua mkoba wa mwanao utazame alichochora wiki hii.