Siku Moja ya Mei

Kalenda ni kitabu ambacho ukurasa wake mmoja husomwa na dunia nzima kwa siku moja. Tajiri na maskini, mwimbaji na msikilizaji, anayezaliwa leo na anayezikwa leo, wote huandikwa humo bila kuulizwa. Kwa sababu hiyo wapenzi wa muziki wana desturi ya kuchagua siku moja na kutazama ni nani aliyezaliwa siku hiyo, nani aliyefariki, na jambo gani lililotukia katika ngoma na nyimbo za watu. Desturi hii ina furaha yake, na ina hila yake pia. Tarehe 17 Mei yafaa kuwa mfano, maana ni siku inayoihusu Tarime.

Siku hiyo, mwaka 1942, alizaliwa Harlem, New York, mtoto aliyeitwa Henry St. Claire Fredericks, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Taj Mahal. Siku hiyo, mwaka 1966, Bob Dylan alipiga gitaa la umeme katika ukumbi mmoja wa Manchester, Uingereza, na msikilizaji aliyechukizwa akapaza sauti kumwita Yuda. Siku hiyo, mwaka 1996, Johnny "Guitar" Watson, mzaliwa wa Texas, alianguka jukwaani Yokohama, Japani, akafa. Siku hiyo, mwaka 2012, Donna Summer, malkia wa muziki wa disko, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 63. Na mwaka 2022 alifuata Vangelis, Mgiriki aliyepata sifa kubwa kwa muziki wa filamu.

Orodha kama hizi hutungwa mbali na Mara, na kila mtungaji huanza na watu walio karibu na mlango wake. Hilo si kosa. Ni tabia ya binadamu. Lakini katika ukurasa huo huo, mwaka 2006, yumo mtu mwingine. Daniel Owino Misiani, kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz, alifariki siku hiyo katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, Kenya, naye alikuwa na umri wa miaka 66. Huko ng'ambo waliomfahamu walimwita babu wa benga. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, karibu na Ziwa Viktoria. Siku aliyokufa, Shirati ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Tarime.

Wazazi wake walikuwa waimbaji wa nyimbo za dini, na mapenzi ya mtoto wao kwa gitaa hayakuwapendeza. Yasimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza lilivunjwa na baba yake. Kwa mzazi mcha Mungu wa siku zile, gitaa lilikuwa chombo cha pombe na cha usiku, na kulivunja kulikuwa ni kumwokoa mwana. Hata hivyo kijana hakuokoka kwa namna ile aliyotakiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alivuka mpaka akaenda Kenya, na katikati ya miaka hiyo alikuwa na bendi yake mwenyewe. Baada ya kubadilishabadilisha majina, bendi hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la Shirati. Kijana aliyeondoka kwao alikichukua kijiji chake akakiandika juu ya santuri.

Mtu ataulizaje kwa nini hakubaki nyumbani? Jibu halihitaji falsafa. Nairobi ndiyo iliyokuwa na studio na viwanda vya kuchapa santuri. Upande wa Tanzania bendi nyingi zilirekodi nyimbo zao katika redio ya taifa, zikasikika nchi nzima, lakini wimbo uliorushwa hewani haukuwa bidhaa ya kununuliwa dukani na kuchukuliwa nyumbani. Mwanamuziki aliyetaka kuishi kwa gitaa lake alielekea kaskazini, kwa njia ile ile wanayopita wachuuzi wa Sirari hadi leo.

Gitaa lake halikuwa geni kabisa, ingawa umbo lake lilitoka mbali. Wajaluo wana nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji hukipiga akiwa ameketi juu ya kigoda kifupi, huku pete ya chuma katika kidole cha mguu wake ikigonga ubao na kushika mwendo. Wakurya, jirani zao wa vilima vya Tarime, wana litungu, nalo lina nyuzi nane. Vyombo hivi ni ndugu, hata pale ambapo wenyewe wamegombana. Wapigaji wa benga walifanya kazi ya kuhamisha ufundi wa nyatiti na kuutia katika gitaa. Gitaa la kwanza hudokoa nyuzi mojamoja kwa haraka na kujibizana na mwimbaji. Gitaa zito la chini hutembea kwa kishindo. Kisha, wimbo ukifika katikati, waimbaji hunyamaza na magitaa hushika mbio peke yao. Misiani hakuianza benga peke yake, lakini ni wachache walioifikisha mbali kama yeye. Mwaka 1989 albamu ya Benga Blast! ilitolewa Uingereza, na watu wasiojua hata neno moja la Kijaluo wakaicheza.

Hapa sadfa ya kalenda yaanza kuwa na maana. Taj Mahal alitoka katika gitaa la blues akarudi nyuma kutafuta nyuzi za Afrika. Mwaka 1999 alitoa albamu pamoja na Toumani Diabaté, mpiga kora wa Mali, na mwaka 2005 ikatoka kazi aliyoifanya na Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha Zanzibar. Kazi hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Mkutano. Misiani alitoka katika nyuzi za Afrika akaenda mbele kulitafuta gitaa. Mmoja alikuwa akitafuta alichoanzia mwenzake. Siku ile ya 2006 mmoja alikuwa akitimiza miaka 64, na wa pili alikuwa akikata roho Kisumu. Tarehe haikulijua jambo hilo. Ni akili ya mtu ndiyo inayoyaweka mambo mawili pamoja na kuona kwamba yanasemezana.

Na usiku ule wa Manchester una fundisho lake. Kwa miaka mingi kanda za siri za tamasha lile ziliuzwa kwa maelezo kwamba lilifanyika Royal Albert Hall, London. Zilipotolewa rasmi mwaka 1998 kosa hilo lilikuwa limezoeleka mno hata likabakizwa katika jina la albamu, ndani ya alama za kunukuu. Watu walikuwa wameusikia muziki sawasawa, na mahali wameandika pengine. Hatari hiyo humkabili Misiani vilevile. Kwa kuwa alifanya kazi Kenya na kufa Kenya, ni rahisi kumwandika kuwa Mkenya na kufunga kitabu. Kenya ilimpa studio, wasikilizaji na riziki, na haki hiyo haiwezi kukanwa. Lakini kijiji kilichompa masikio kipo upande huu wa mpaka.

Nyimbo zake zilijaa historia, visa vya Biblia na mafumbo juu ya wakubwa, hata akaitwa Mfalme wa Historia. Mafumbo hayo yalimtia matatani na watawala zaidi ya mara moja. Ugenini, mtu wa namna hiyo hana ukoo wa kumkinga. Mpaka aliouvuka kwa hiari yake akiwa kijana huweza kugeuzwa kuwa fimbo juu ya kichwa chake. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Misiani hakucheza kwao, na swali lililobaki ni kama kwao watamtuza.

Swali hili lina uzito kwa sababu kwao penyewe pamegawanywa. Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, wilaya ya Rorya ilikatwa kutoka Tarime, na Shirati ikawa upande wa Rorya. Mtu wa Tarime leo aweza kusema kwamba Misiani ni wa wilaya nyingine. Mkurya aweza kusema kwamba ni wa kabila jingine. Mpenzi wa Kiswahili aweza kusema kwamba aliimba zaidi kwa Kijaluo. Kila mmoja atakuwa amesema kweli, na kwa kweli hizo tatu mtu mmoja atakuwa amekosa kwao.

Hila ya kalenda ni kumfanya mtu adhani kwamba kukumbuka ni kazi ya karatasi. Karatasi haikumbuki. Hutunza namba tu, na namba hupokea jina lolote linaloletwa na watu. Walioleta jina la Donna Summer walimpenda, na walifanya vema. Tarehe 17 Mei itakapofika tena, mwalimu wa Tarime na mwalimu wa Shirati, kila mmoja mbele ya wanafunzi wake, waweza kulileta jina la Daniel Owino Misiani na kupiga wimbo wake mmoja. Litungu lina nyuzi nane, nyatiti ina nyuzi nane. Wanafunzi wa pande zote mbili wataujua mlio huo kabla ya kuelezwa ni wa nani.