Fundi alinipimia injini kwa kucha

Haya jamani, mlioniuliza mbona siku hizi nagombania daladala, jibu ni hili: Corolla yangu ilianza kula oili. Nikiondoka tu kwenye mataa, moshi wa bluu nyuma.

Fundi wa kwanza alifungua injini, akapitisha kucha ndani ya silinda, akatikisa kichwa. "Dada, hapa ni kuchonga zote nne, ununue na pistoni za saizi kubwa." Nikamuuliza, umepima? Akasema ana uzoefu. Sasa mimi nikipeleka habari ambayo chanzo chake ni kucha ya mtu, mhariri atanielewa kweli? Nikapakia bloki kwenye kirikuu, hao Gerezani.

Mzee niliyemkuta huko (shikamoo yake kwanza) aliliacha bloki kivulini zaidi ya saa nzima. Nikaona ananichelewesha. Kumbe joto likizidi kwa nyuzi 20 tu, tundu la milimita 78.7 linapanuka karibu 0.02, na yeye anatafuta tofauti ndogo kama hizo.

Akatoa geji ya teleskopu, ile ya bei nafuu yenye umbo la T. Mikono yake ina springi. Unaiingiza kwa kuilaza, unakaza mpini kidogo, unaipitisha mara moja katikati ya tundu, inabaki na upana uleule. Yenyewe haina namba hata moja! Inabeba kipimo tu, anayesoma ni maikromita. Kwa hiyo geji rahisi inatosha kama mkono umetulia, lakini maikromita ikidanganya, kila kitu kimedanganya.

Alipima juu, katikati na chini, kisha akageuza upande akarudia. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndipo huliwa zaidi. Injini yangu ni 5A, kipenyo cha kiwandani 78.7. Silinda ya tatu, iliyochoka kuliko zote, ilisoma 78.76 juu na 78.73 chini.

"Haijafika kikomo cha kitabu, mwanangu. Tuikwaruze kuta kidogo kwa jiwe zishike oili, uweke ringi mpya."

Na ile ngazi iliyoguswa na kucha? Mzee aliifuta kwa kitambaa chenye petroli. Masizi!

Injini inafungwa Jumamosi. Wiki ya kwanza nitachomoa kijiti cha oili kila asubuhi.