Sahani Chini ya Kawa

Kwenye chumba cha habari neno kiporo tunalitumia kila wiki, na mara nyingi halihusiani kabisa na chakula. Timu ikiahirishiwa mechi, ina kiporo. Makala ikikosa nafasi leo ikasogezwa kesho, nayo ni kiporo. Nimeliandika neno hilo mara nyingi sana bila kujiuliza kwa nini linanikera kila likitamkwa jikoni kwangu.

Kwetu Tanga tulisema uporo. Wazee wengine wa pwani wanasema mwiku. Maneno yote matatu yanataja kitu kimoja: chakula cha usiku kilicholala, kinacholiwa asubuhi. Mimi nimelelewa na chakula kilicholala. Wali wa jana uliopashwa na chai ya rangi ndio ulionipeleka shule miaka saba yote ya msingi, na sikumbuki hata siku moja tumbo kuniuma kwa ajili yake.

Bibi hakuwa na friji, ila alikuwa na utaratibu. Maharage aliyachemsha mengi kwa siku mbili tatu, lakini tui aliliweka kwenye yale ya kuliwa siku hiyo tu, maana chakula chenye tui kwenye joto la Tanga kinachacha upesi mno. Yale yasiyo na tui aliyapandisha motoni usiku kabla ya kulala na asubuhi kabla ya kutoka, mpaka yatokote, kisha akayafunika na asiyaguse tena. Ole wako uingize upawa ulioulamba. Samaki wa kubaki alikaangwa akakauka. Sufuria aliisimamisha ndani ya beseni lenye maji kidogo ili sisimizi wasivuke. Haya yote hakuyaeleza. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa, "Kwa sababu ndivyo." Basi.

Mama alichukua utaratibu huo na kuongeza kitu kimoja: sahani ya baba. Baba alikuwa dereva wa lori. Angeweza kurudi saa tatu usiku, au saa nane, au kesho. Kila jioni, kabla hatujapakuliwa sisi, sahani yake ilitangulia, ikawekwa mezani na kufunikwa kwa kawa, lile la ukili lenye rangi nyekundu lililokuwa limeanza kufumuka pembeni. Sisi watoto tulilizungukia kawa lile kama paka. Kama baba hakurudi, mama aliamka usiku kuipasha moto ile mboga, na asubuhi tukagawiwa. Kwa hiyo, nakiri, kuna siku tulilala tukiombea lori liharibikie njiani.

Nilipoanza kazi Dar es Salaam, kitu cha kwanza kikubwa nilichonunua kilikuwa friji. Sio kitanda, friji. Niliamini nimemaliza kazi yote ya bibi kwa mara moja. Nikawa napika Jumapili, najaza makopo ya aiskrimu, nafunga mlango, naondoka. Mlango ukifungwa nilihisi nimeweka pesa benki. Wahenga wanasema akiba haiozi, lakini wahenga hawakuwahi kulifungua kopo langu la mchicha la wiki mbili. Nilitupa vyakula vingi miaka ile. Vilianza kwa kuhifadhiwa vizuri, vikasahauliwa nyuma ya vingine, umeme ukakatika kutwa mbili, vikaishia kwenye mfuko mweusi. Sikuwa peke yangu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilifikia tani bilioni 1.05, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Sio hotelini, sio sokoni. Majumbani kwetu.

Baba alifariki, na baada ya arobaini nikamchukua mama kuja kuishi nami na mwanangu Tabata. Alikuja na begi moja la nguo, na lile kawa.

Wiki ya kwanza akaniuliza kama friji yangu ni kabati au ni kaburi. Akatoa kila kitu, akanusa, akatupa, akafuta rafu kwa maji ya ndimu. Kisha akaanza mambo yake. Kila jioni sahani moja ilipakuliwa kabla ya zote, ikawekwa mezani, kawa juu. Niliporudi kazini usiku niliikuta pale, na moyo wangu ulikwenda chini. Nilisema moyoni, mama bado anampakulia baba. Sikumuuliza. Mtu unamwulizaje mama yako swali kama hilo? Sikuigusa sahani ile hata siku moja. Nilikuwa nafungua friji, natoa bakuli kubwa, nakula nikiwa nimesimama, mlango wa friji ukiwa wazi ili nipate mwanga, kama mwizi ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Mama akishtuka usingizini saa sita, akikuta sahani haijaguswa, alikuwa akiiingiza kwenye friji na kurudi kulala. Tuliishi hivyo kama miezi minne.

Halafu ukaja usiku wa Februari, ule msimu wa joto la Dar ambapo hata ukuta unatoa jasho. Nilirudi saa saba usiku. Sahani ilikwisha kuingizwa kwenye friji. Niliisogeza pembeni, nikatoa bakuli la wali, nikala vijiko kadhaa, nikakaa kwenye kiti kusoma ujumbe kwenye simu. Nikapitiwa na usingizi hapo hapo. Nilipozinduka ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na bakuli liko mezani, wazi. Nikalirudisha kwenye friji haraka mama asije akaona, nikaenda kujinyoosha.

Saa moja asubuhi mama alimpashia mjukuu wake wali. Saa tatu mtoto alianza kutapika. Alitapika mpaka hakikubaki kitu, akaendelea kutapika maji. Ana miaka mitano. Tulimbeba kwa bajaji, kichwa chake kwenye paja langu, na mimi, badala ya kumwangalia mtoto, nilimgeukia mama nikamwambia, "Mama, wewe na viporo vyako! Umempa mtoto sahani ya baba?"

Dereva wa bajaji alinyamaza. Mama alitazama nje. Baada ya muda alisema, "Ile ya sahani nimekula mimi. Yeye nimempa ya kwenye bakuli."

Hapo ndipo nilipokumbuka bakuli, na sikusema kitu. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Sio kwamba nilikosea, kila mtu hukosea jikoni. Ni kwamba nilijua, pale pale kwenye bajaji, na nikaacha lawama ikae kwa mama siku nzima.

Kule tulikompeleka, mtoto alipewa maji yenye chumvichumvi kidogo kidogo, na kufika jioni alikuwa anaomba biskuti. Muuguzi aliuliza amekula nini. Mama akajibu, "Wali." Muuguzi akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia jibu hilo mara nyingi. Akauliza ulikaa nje muda gani. Mama akanitazama. Nikasema, "Kuanzia saa saba mpaka alfajiri. Niliusahau mimi."

Mama hakusema chochote. Alimfunika mtoto kanga.

Kwa vile kazi yangu ni kuuliza, nilikwenda kuuliza. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake ngumu zimo kwenye mchele tangu shambani, na kuchemka kwa sufuria hakuziui zote. Wali ukikaa kwenye joto la kawaida zinaamka na kuzaliana, na aina mojawapo ya sumu wanayotoa haiharibiki kwa kupashwa moto. Hili ndilo lililonikata maini. Mimi niliamini moto unasafisha kila kitu. Nilidhani hata wali wa mashaka ukiupasha mpaka ufuke mvuke, umekuwa salama. Kumbe moto wa asubuhi unaua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuiacha usiku inabaki pale pale. Kutapika huanza ndani ya saa chache, mara nyingi saa moja hadi sita. Mwanangu alichukua mbili.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa mambo matano ya usalama wa chakula, uliotolewa mwaka 2001, na ukiusoma unamsikia bibi akizungumza na namba mkononi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, au kikae cha moto zaidi ya nyuzi 60. Katikati ya hapo ndipo vijidudu wanapofanya sherehe. Kikipashwa, kipashwe mpaka ndani, nyuzi 70 au zaidi, na mchuzi utokote. Hata friji haikai na kitu milele. Bibi hakuwa na kipimajoto, lakini yale maharage ya asubuhi na usiku, na upawa usiorambwa, yalikuwa namba hizo hizo kwa lugha ya mkono.

Nilichojifunza kingine ni kwamba bakuli langu kubwa lenyewe lilikuwa tatizo. Wali mwingi ukirundikwa kwenye chombo kirefu, katikati hukaa na joto kwa saa nyingi hata ukiwa ndani ya friji. Mama alilijua hili kwa njia yake. Yeye huutandaza wali kwenye sinia upoe upesi, kisha anaugawa kwenye vyombo vidogo vifupi, kila kimoja mlo mmoja. Kinachotoka hakirudi. Nilikuwa nimemcheka kwa hivyo vibakuli.

Usiku ule, mtoto akiwa amelala, nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nilijua tangu kwenye bajaji."

"Na mimi nilijua," alisema. "Niliona kijiko."

Tukakaa kimya. Kisha nikamwuliza lile nililoshindwa kuuliza miezi minne: kwa nini bado anampakulia baba.

Alinishangaa kwa dhati. "Nani kakwambia ni ya baba yako? Baba yako nimemzika mwenyewe, naijua njia aliyokwenda." Akalisogeza kawa mezani kwa kidole. "Hii ni yako. Humu ndani nani mwingine anarudi usiku wa manane?"

Sikuwa na la kujibu. Miezi minne nilikuwa nakula kwa kusimama pembeni ya sahani yangu mwenyewe.

Siku hizi tumekubaliana. Sahani haikai tena mezani, iko kwenye friji, kwenye chombo kifupi chenye mfuniko, na mama ameomba nimnunulie utepe wa karatasi na kalamu ya wino mzito. Anaandika kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, herufi zimesimama wima: "Maharage, Jumanne usiku." "Samaki, Alhamisi." Kikifika siku ya tatu hakijaliwa, kinaliwa au kinatoka. Umeme ukikatika mlango haufunguliwi, na mwanangu ndiye askari wa mlango.

Jana nilirudi saa tano. Mezani palikuwa na kawa. Nikalifunua nikiwa na wasiwasi kidogo, maana tulishakubaliana. Chini yake palikuwa na sahani tupu, kijiko, na kipande cha utepe: "Rafu ya pili. Pasha mpaka itokote. Kaa chini ule."