Jaji Aliyeikata Maksi Kazi Kali Kuliko Zote

Wadau, kuna stori inatembea chini chini kutoka Shinyanga mpaka Geita, na wengi wanaoisambaza wameshika upande mmoja tu. Wanasema dada mmoja mkongwe wa redio, aliyekaa kwenye jopo la majaji wa tuzo za wanahabari wa kanda, kambania mdogo wake wa kazini. Eti roho mbaya. Mambo hayako hivyo.

Kwanza ieleweke tuzo ni nini kwa mtu wa redio ya mkoani. Posho ni ya kuungaunga, bodaboda ya machimboni unalipa mwenyewe au unapanda gari la mwenye tukio. Halafu huyohuyo ndiye anayeishi karibu na stori zinazotikisa nchi. Wachimbaji wa Nyangarata waliokutwa hai 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi, hiyo ni Kahama. Mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC aliyafuatilia mpaka kwa waganga, akatishiwa maisha, na 2010 akapewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri, yalikuwa ya hukuhuku Kanda ya Ziwa. Tangu Baraza la Habari Tanzania lianzishe EJAT mwaka 2009, vijana wa redio za mikoani wanaliota lile jukwaa. Tuzo ndogo za kanda ni ngazi ya kwanza. Ukishinda, kuna mtu Dar anaweza kukupigia simu.

Sasa turudi kwa dada. Majaji walikuwa watatu, yeye na wawili wa kutoka Dar. Siku mbili nzima kwenye chumba kimoja cha gesti Shinyanga mjini, laptopu moja, spika moja, chai ya maziwa kila saa. Majina ya washiriki yalikuwa yamefutwa, kila kazi imepewa namba. Lakini jina unalifuta, sauti ya mtangazaji utaifutaje? Kazi namba 14 ilipoanza tu, dada akamjua. Ni kijana aliyemfundisha mwenyewe hata kushika maiki. Akawaambia wenzake palepale, akataka kutoka nje. Wakamzuia: kanda nzima mnajuana, ukitoka kwa kila unayemjua tutabaki na nani? Akakaa. Labda angetoka tu, lakini angetoka, haya yote yasingejulikana.

Na kazi yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa moto. Inafungua na karasha linasaga mawe mpaka unahisi vumbi puani. Kisha maji ya mwaloni, kisha kimya, kisha kijana anaeleza taratibu: mchanga unaoshwa, zebaki inainasa dhahabu, mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, halafu unachomwa, na mvuke wake ndio sumu yenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, anasema, ila huku mwaloni zebaki bado inashikwa kama chumvi. Anaingia mama mmoja anaongea Kisukuma. Sauti yake inashushwa, ya kijana inapanda na tafsiri: "Mwanangu aliuawa na zebaki. Serikali ituokoe, tunakwisha."

Jaji mmoja wa Dar alivua miwani akajifuta macho. Mwingine alikuwa keshaandika 92.

Dada akaomba irudiwe. Akavaa hedifoni, akasikiliza ile sauti ya chini, inayopita chini ya tafsiri. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama anasema mtoto aliumwa kifua, wakampeleka hospitali, akafariki, na hawakuambiwa ni nini. Mpaka leo hajui. Serikali hajaitaja popote.

"Huyu mama hajasema hivyo," dada akawaambia.

Mmoja akajibu kwamba zebaki inaua kweli, kila mtu anajua, kwa hiyo ujumbe ni uleule. Dada akasema ujumbe ni wa kijana, mama yeye kasema hajui. Wakaanza kubishana. Mwisho wakamwambia ukweli mchungu: wewe peke yako ndiye unayejua Kisukuma humu ndani, na wewe huyohuyo ndiye unayemjua mshiriki.

Basi akaitwa mama wa jikoni, mtu wa Kishapu. Hakuelezwa chochote, alivishwa hedifoni tu, mikono bado ina unga. Yule mama wa kwenye redio alianza na "mwangaluka", na yeye akaitikia kwa sauti, chumba kizima kikacheka. Kisha akanyamaza. Alipomaliza akasema, "Anasema hajui mtoto kaondoka na nini. Maskini." Akarudi kwenye chapati zake.

Kipengele cha ukweli na usahihi kilikuwa na maksi 25. Kazi namba 14 ikapata 5. Ushindi ukaenda kwa kazi ya mizani ya pamba, imerekodiwa kwa simu, upepo unapuliza mwanzo mwisho, ila kila aliyeongea alisikika akisema alichosema.

Kinachouma ni kwamba kijana hakuhitaji kuongeza kitu. Mama anashika zebaki kila siku, amezika mtoto, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Hiyo "sijui" yake ilikuwa stori kubwa kuliko serikali ituokoe, na alikuwa nayo mkononi, akaifunika kwa sauti yake mwenyewe.

Majaji wameapa kutosema, na dada hajasema. Yaliyovuja yametoka kwa wengine. Kijana naye, siku mbili baada ya usiku wa tuzo, alimwandikia: "Shikamoo dada. Hawa majaji wa Dar hawayaelewi maisha ya huku kwetu. Wameniua." Hajui kuwa hao wa Dar ndio waliompa 92.

Dada akamjibu: "Marahaba mdogo wangu, pole sana. Yule mama wa mwaloni, uliwahi kurudi kumsikilizisha ile kazi?"

Skrinshoti hiyo kaitupia kijana mwenyewe kwenye grupu la wanahabari, kaweka na swali juu: jamani, hapa dada ana maana gani?