Besi Bubu

Ninayo lakabu ambayo imeniganda kama kupe: Besi Bubu. Wengi wenu mmeisikia ikiitwa kwenye foleni ya chakula mkaangua kicheko, lakini ni wachache wanaojua ilikotoka. Mhariri amenisumbua vya kutosha, basi leo nasema.

Nilijiunga na kwaya mwaka wa 2023 nikiwa Kidato cha Kwanza. Sauti yangu ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika. Leo ingenguruma kama trekta, kesho ingekwaruza kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Kwa sababu ya urefu niliwekwa safu ya nyuma pamoja na besi. Siku ya tatu ya mazoezi, mwongozaji wetu wa wakati huo alisimamisha wimbo, akatega sikio, kisha akaninyoshea kidole.

"Wewe mrefu, unatuharibia. Fungua mdomo tu, usitoe sauti."

Mgala muue na haki umpe: bwana yule alijua kazi yake na alitufikisha ngazi ya kaunti. Nami nilivaa sare, nikapanda jukwaani, nikapanua kinywa kama samaki aliyetolewa majini, nikapigiwa makofi pamoja na wenzangu. Jioni tulinunuliwa soda. Nawaambia kweli, soda ile haikunishuka.

Mwaka wa 2024 alikuja Madam. Muhula wa pili mwaka huo ulichelewa kufunguliwa kwa ajili ya mafuriko, na kila mtu alijua kwamba muda wa mazoezi ni mfupi. Tulitarajia atuandikie maneno ya wimbo ubaoni siku hiyo hiyo. Lo! Alikuja mikono mitupu, isipokuwa kichuma kidogo chenye meno mawili mfano wa uma. Alikigonga gotini, akakisimamisha juu ya meza, na meza yenyewe ikaanza kuimba.

"Hiki hutetemeka mara 440 kwa sekunde," akasema. "Jana, leo na kesho. Hakina hasira wala upendeleo."

Wiki nzima hatukuimba neno hata moja. Ilikuwa do, re, mi tu, tukifuata ishara za mkono ambazo Mwingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole kinachoelekea juu ni ti. Watu walinung'unika. Ati tunafunzwa mambo ya chekechea! Kiongozi wa tena alipouliza tutaanza wimbo lini, Madam alimjibu kwamba maneno ni nguo, na mtu huoga kwanza kabla ya kuvaa.

Wiki ya pili ndipo maji yalipozidi unga. Madam alituvunja safu zetu. Badala ya besi kusimama na besi wenzao, alitugawa katika makundi ya watu wanne: soprano mmoja, alto mmoja, tena mmoja na besi mmoja. Kila kundi liimbe peke yake. Msomaji, katika safu ya besi kumi na wawili mtu anaweza kujificha hadi amalize shule. Katika watu wanne utajificha wapi? Zamu yetu ilipofika, sauti tatu zilipanda vizuri, na pale chini pakawa kimya kama makaburini.

"Besi iko wapi?" Madam aliuliza.

"Madam, huyo ni bubu," mtu akadakia, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vicheko. Kijasho chembamba kilinitiririka mgongoni.

Hakunigombeza. Aliniambia nibaki baada ya mazoezi. Alibonyeza noti kwenye kinanda, nikaiimba, nikaikosa kwa mbali. Nilijua atairudia kwa nguvu zaidi, maana ndivyo wanavyofanya wote. Hakurudia. Alisema, "Haya, achana na hiyo. Imba yoyote inayokujia." Nikatoa mngurumo. Akaitafuta noti yangu kwenye kinanda hadi akaipata, akaimba nami, yeye juu, mimi chini. Punde kidogo nikahisi zile sauti mbili zimeacha kugombana.

"Umesikia hapo?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi tuko pamoja. Sasa tupande kidogo, nifuate."

Tukapanda nusu hatua, kisha nyingine. Nilipopotea, alirudi kunichukua pale nilipo. Yale niliyoambiwa mwaka mzima kuwa ni sikio bovu, Madam alisema siyo. "Sauti yako imehama nyumba, nawe bado unabisha hodi kwa mlango wa zamani." Tena akaongeza kwamba mwaka wa kunyamaza ndio ulionirudisha nyuma, kwa kuwa koo hujifunza kwa kutumika.

Msidhani kila kitu kilinyooka baada ya hapo. Wimbo wetu haukuwa na ala. Tulikuwa tukianza kwa noti ya kile kichuma, na tukimaliza Madam alikigonga tena: tumeshuka karibu nusu hatua! Macho yote yalinigeukia. Kiongozi wa tena hakumung'unya maneno. "Madam, tusidanganyane. Ni huyu. Si aimbe tu na mdomo kama zamani? Watu wanataka kufika Taifa, bana."

Madam alinituma nisimame mlangoni. Kwaya ikaimba wimbo mzima bila mimi. Akagonga kichuma. Walikuwa wameshuka vilevile. Nisameheni, lakini nilifurahi sana. Kisha alituonyesha shimo lilipo: kutoka fa kwenda mi, na kutoka do kwenda ti, ni hatua ndogo, nusu tu, nasi tulizishuka kama watu wanaokimbizwa kwenye ngazi. Siku mbili tulifanya kazi ya kushuka tu, polepole, mikono ikionyesha.

Hata hivyo kuna siku tuliimba nami nikiwamo na mambo yakaharibika kweli. Hilo silifichi.

Siku ya mashindano tulishika nafasi ya tatu na safari yetu ikaishia hapo. Karatasi ya mwamuzi ilisifu pumzi na matamshi, halafu ikasema besi ililegea katika ubeti wa mwisho. Kiongozi wa tena aliisoma, akanitazama, akaikunja bila kusema kitu. Nilimfuata Madam nje, karibu na gari la shule.

"Madam, ni mimi niliyelegea?"

Alifikiri kwa muda. "Mlikuwa kumi na wawili pale nyuma. Mimi mwenyewe sikuweza kutambua. Wewe uliimba?"

"Niliimba, Madam. Mwanzo hadi mwisho."

"Haya, panda gari. Soda yako iko kwa dereva."